Masika Aliyonyamaza Kasuku

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na tisa, na anayebisha alete mashahidi wake, maana wangu karibu wote wamekufa. Nimemzika mke wangu. Nimewazika ndugu zangu wa tumbo moja. Nimemzika mwanangu wa pekee. Nimemzika Sururu, mwenzangu wa kazi, tuliyechimba naye visima tangu ndevu hazijatuota. Hata daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku nitakufa mapema, nimemzika, na njiani nikirudi nikavuta.

Naandika kwa mkono wangu. Shule sikusoma. Herufi nilizianza kwenye mifuko ya saruji, zilizobaki nikafundishwa na mjukuu wangu akiwa darasa la tatu, na alikuwa ananipiga rula kwenye vidole. Ndiye aliyenipa daftari hili leo. Kasema mvua zimeanza, mgongo wangu hautanifikisha kwa rafiki yangu Kinyozi kupiga soga kila siku, basi niandike nitulie. Mimi nimetulia tangu kuzaliwa. Lakini daftari ni zuri.

Tunaishi wawili, vyumba viwili na ua, na uani kuna kisima nilichokichimba mwenyewe, ambacho hakijakauka hata siku moja. Mjukuu wangu huyo wa kike namwita Kasuku kwa sababu huanza kusema kabla hajafumbua macho. Baba yake ndiye yule mwanangu niliyemzika. Mama yake kaolewa mbali. Kasuku yuko chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Leo kaniambia muhula huu anasoma mafundisho ya Buddha na namna yanavyoweza kuwafaa watu wa leo. Nikamuuliza huyo alikuwa fundi wa nini. Akasema alikuwa mtoto wa mfalme, akaacha jumba, mke na mtoto mchanga, akaenda kutafuta kwa nini watu wanateseka. Nikamwambia angekuja kuniuliza mimi, na mwanamume anayemkimbia mtoto mchanga tuna jina lake, na si jina la kufundishia chuoni. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Yeye hakucheka. Akasema, "Basi sikuelezi tena, Babu, mpaka uulize mwenyewe."

Sawa. Mimi si mtu wa kuuliza.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua. Nimeziba tundu la paa mwenyewe. Kijana gani leo anaweza?

Alhamisi, tarehe 20

Kasuku hali tena chakula cha jioni. Saa sita mchana ikipita, hatii kitu mdomoni ila maji. Leo nilipika mimi, na mimi nikipika hata jirani hunusa. Akakaa akaniangalia nikila, mikono kaiweka mapajani. Nikamwambia, mke wangu, nani kakutia sumu dhidi ya mapishi yangu. Siku zote nikimwita mke wangu hunijibu kwamba ataomba talaka kwa ajili ya miguu yangu kunuka. Leo katabasamu tu.

Sikuuliza.

Jumatano, tarehe 2, mwezi wa nne

Kinyozi kaja kwangu kwenye mvua, kajifunika mfuko wa nailoni kichwani. Kinyozi hatembei mvuani. Nikajua kuna jambo.

Kumbe Kasuku alikwenda kibandani kwake asubuhi akataka anyolewe kipara. Kinyozi akagoma, akasema nywele zile alizijua zikiwa za mtoto. Yeye akamwambia usiponinyoa nitajinyoa kwa wembe. Basi akamnyoa. Akiwa anamnyoa akamuuliza, je, umefiwa? Akajibu, "Bado."

Bado. Kinyozi kalirudia neno hilo mara mbili, na mimi nikamwambia aache, nimesikia.

Alipoingia jioni kichwa kinang'aa kama bakuli, nilimwambia sasa tumefanana, watu watadhani pacha. Akanipapasa kichwa, akaenda chumbani.

Alhamisi, tarehe 10

Kagawa nguo. Zile nzuri zote, na ndara nyekundu alizozililia akanunuliwa, kampa Fundi Cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kitanda kakisimamisha ukutani, analala kwenye mkeka. Fundi kaja kunishukuru, ndara ziko miguuni. Nimepokea shukrani kama mtu anayejua anachoshukuriwa.

Mtu hugawa vitu kwa sababu mbili. Ama amepata vingi, ama hatavihitaji.

Jumanne, tarehe 15

Tangu asubuhi hajasema neno. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nangoja mshindo.

Alhamisi, tarehe 24

Leo nitaandika mengi, herufi zitanisamehe.

Mchana mvua ilikatika ghafla, nikaisikia sauti ya Kasuku chumbani kwake. Nilifurahi. Nikasema moyoni, mdomo umerudi. Nikasogeza kigoda ukutani nimsikie vizuri. Alikuwa peke yake, anasema kama anayehutubia, anasimama, anarudia. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, na masikio yangu ni mazuri kuliko ya vijana.

Alisema, "Maisha yamejaa mateso. Mateso yana chanzo chake, na chanzo ni tamaa. Anayetaka mateso yaishe, hana budi kukata tamaa."

Kisha akasema, "Na aliyekata tamaa kabisa, amekuwa kama mwali uliozimika."

Akarudia tena tangu mwanzo. Sauti haikuwa na huzuni. Ilikuwa tulivu, na utulivu huo niliwahi kuusikia.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi naijua. Nitaeleza, ili atakayesoma asiseme mzee alichanganyikiwa.

La kwanza. Mwanangu, baba yake Kasuku, kiwanda kilipofungwa alirudi hapa nyumbani katikati ya mchana, akavua viatu mlangoni, akaviweka sambamba. Akaniambia, "Baba, mimi nimekata tamaa." Si kwa kilio. Kwa sauti hiyo hiyo tulivu. Akalala, akaugeukia ukuta. Hakula. Daktari alimpima kila mahali, hakuona ugonjwa. Mvua za mwaka ule hazijaisha tukamzika. Kasuku alikuwa mdogo, alikuwa kwa mama yake, na maneno yale nimeyasikia mimi peke yangu.

La pili. Mchimba kisima hashuki mpaka kwanza ateremshe mshumaa ndani ya kopo. Mwali ukisimama, hewa ipo, shuka. Mwali ukizimika, chini kuna kifo, hata ukiona maji yanakuchekea. Sururu siku moja aliuona umezimika akasema ni upepo. Upepo gani kisimani? Nilimvuta kwa kamba, akaja mzito.

Sasa mtoto wa mwanangu yuko nyuma ya ukuta, anajifunza kwa moyo namna ya kukata tamaa, na anataka awe mwali uliozimika. Na wanampa alama.

Ijumaa, tarehe 25

Nimeficha kamba zote chini ya godoro langu. Visu nimeviweka kwenye debe la unga, mafuta ya taa kwa Kinyozi. Nimelala juu ya kamba, mgongo umechorwa mistari.

Kinyozi kanishauri nimuulize tu. Nikamwambia nyumba ukiikuta inafuka moshi, huiulizi kama inaungua. Kasema huo si usemi wa wahenga. Nikamwambia mimi ni mhenga.

Ukweli ni kwamba naogopa kuuliza. Nikiuliza atajibu.

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tano

Nimemkuta amekaa ukingoni mwa kisima. Kakunja miguu, kafumba macho, manyunyu yanamdondokea kichwani, anapumua polepole. Nilisimama mlangoni nikakosa sauti. Mimi, ambaye nikiita kutoka chini ya kisima watu wa mtaa wa pili huitika.

Alipofumbua macho nikamwambia pale panateleza. Akasema anapapenda kwa sababu anasikia maji yakitulia.

Akaenda chuoni. Nikaleta ule mfuniko wa zege uliokuwa umeegemea ukuta miaka yote. Nimeuburuta kwa mtaimbo, kidogo kidogo, mpaka nikaufunika mdomo wa kisima. Kisha nikakaa juu yake. Sasa maji nateka mimi, natoka na mtaimbo kama nakwenda vitani. Kutwa nakaa juu ya mfuniko na mwavuli.

Jumatatu, tarehe 12

Juu ya mfuniko.

Jumanne, tarehe 13

Nimekwenda chuoni kumwambia huyo Mwalimu wao maneno mawili. Nilivaa koti. Langoni Bawabu akanizuia, mtu wa makamo, mchangamfu kupita kiasi. Nikamwambia natafuta wanaosoma Buddha. Akacheka, "Ah, wale wanaojifunza kufa kabla ya kufa? Jengo la mwisho, mzee, fuata kimya."

Nilifuata. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani vijana wameketi sakafuni kwa mistari, wamefumba macho, mikono imelegea. Mwalimu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, naye kafumba. Hakuna kitabu, hakuna ubao. Kasuku alikuwa mstari wa mbele na kipara chake. Nimeona watu waliolala na nimeona waliokufa. Hawa walikuwa katikati.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali sana, njia nzima nikiyanoa. Nikayatia mfukoni mwa koti. Nikageuka. Bawabu akanipungia mkono.

Alhamisi, tarehe 22

Chakula cha jioni hakipiti hata kwangu. Nalala na njaa, naye analala na njaa. Nyumba ya mafukara wa kujitakia.

Naye sasa ananitazama. Nikigeuka namkuta ananitazama, kama mtu anayepima kina. Vidonge vyangu vya presha kavichukua, ananipa kimoja kimoja asubuhi na kungoja nimeze. Nilipomwambia Kinyozi, akakuna kidevu, akasema huenda anajiwekea akiba. Laiti angenyamaza. Akaongeza kwamba Kasuku alipita kibandani akamuuliza kama babu amesema jambo lolote la ajabu siku hizi. Kinyozi akamjibu babu yako husema ya ajabu tangu nimjue.

Kwa nini aulize? Anataka kujua kama nimemshtukia.

Jumatano, tarehe 28

Mvua kubwa kuliko zote. Maji kisimani yamepanda. Nimeota mwanangu anapanga viatu mlangoni.

Jumamosi, tarehe 31

Haya ni ya jana, Ijumaa. Jana vidole havikushika kalamu.

Asubuhi Kasuku alikuja akapiga magoti mbele ya kigoda changu. Kavaa nguo nyeupe. Akanishika mikono, akasema, "Babu, leo ndiyo siku ya mwisho. Nisamehe kwa yote niliyokuudhi masika haya." Kisha akaondoka mvuani bila mwavuli.

Nilikaa. Sijui muda gani. Halafu nikainuka kumfuata, na goti likanikatalia kona ya kwanza. Nikaenda kwa Kinyozi. Kibanda kimefungwa. Kinyozi hafungi kibanda hata akiugua. Nikarudi nyumbani nikishika kuta.

Mfuniko wa kisima ulikuwa umesukumwa kando. Na pembeni, zimewekwa sambamba, ndara nyekundu.

Nilichungulia. Chini kuna kitu cheupe, kinaelea.

Sikumbuki kuzitoa kamba chini ya godoro, lakini nilizitoa. Nikafunga moja kwenye nguzo ya kapi na kiunoni kwangu, fundo letu la zamani, maana mikono haisahau. Mshumaa niliteremsha, ndiyo. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kujua utasema nini, kwa sababu ungezimika bado ningeshuka. Lakini uliwaka. Nikaushusha ukaning'inia juu ya maji, nikaanza kushuka kwa vile vishimo vya kukanyagia nilivyochonga mwenyewe nikiwa na miguu ya kijana.

Maji yalinifika kifuani. Nilinyoosha mkono kwenye kile cheupe huku nimefumba macho. Ilikuwa ndoo.

Nikatafuta kwa miguu. Nikazama nikatafuta kwa mikono. Tope, na jiwe moja. Nikaibuka nikashika ukingo wa tofali lililochomoza, na hapo nguvu zikaniisha. Sikuweza kupanda na sikuweza kuachia. Kupiga kelele niliona haya. Nikabaki nautazama mshumaa.

Kisha kichwa kikatokea juu, cheusi kwenye duara la mwanga, hakina nywele.

"Babu." Sauti ilikuwa inakatika. "Babu, nakuomba. Usifanye hivyo. Nakuomba, usiniache."

Nikasema, "Wewe uko wapi?"

"Niko hapa. Babu, unafanya nini huko?"

"Nakutafuta wewe."

"Mimi niko huku juu."

Nikamwambia basi asiondoke hapo, akae hapo hapo nimwone. Akalia. Masika yote hakusema, sasa akaanza, na hakunyamaza. Kwamba ameniona nimeficha kamba chini ya godoro. Kwamba nakaa juu ya kisima kutwa kama mtu anayengoja watu waondoke. Kwamba siku hizi sili. Kwamba vidonge alivichukua ili nisije nikavimeza vyote. Kwamba Mwalimu alimshauri aniulize, naye akaogopa, maana akiuliza nitajibu.

Hapo wakaingia Fundi Cherehani na Kinyozi, na ndoano mkononi. Ndoo ilikuwa ya Fundi. Alikuja kuteka maji, mfuniko ukamshinda, akamtoa Kinyozi kibandani aje amsaidie kuusukuma. Ndoo ikamponyoka. Akavua ndara asiteleze, zile alizopewa na mimi nikasahau, wakaenda kuazima ndoano. Alipojua nimeshukia nini, akakaa chini kwenye matope.

Wakashika kamba. Kinyozi akaniita nipande. Nikasema siwezi. Akasema si upande, tunakuvuta, uachie tofali tu. Nikasema siliachii. Mimi nimeona watu walioachia.

Kasuku akainama mpaka nikaogopa ataanguka. "Achia, Babu. Kamba imekushika."

"Naijua kamba. Nimeifunga mimi."

"Basi kama umeifunga wewe, achia."

Vidole nilivifungua kimoja kimoja. Kile cha mwisho kilikataa, nikakitukana. Kisha sikuwa nimeshika kitu chochote duniani, na sikuanguka.

Nilipotua ukingoni Kasuku alinifunika shuka, akaniangalia kuanzia kipara mpaka nyayo. Akasema, "Mume wangu, umechagua siku ya kuoga." Nikajua amerudi.

Jumapili, tarehe 1, mwezi wa sita

Nimelazwa kitandani kwa nguvu. Kasuku kala chakula cha jioni mbele yangu, kijiko kwa kijiko, nami nikahesabiwa vyangu.

Leo nimeuliza. Kanieleza kwamba huko alikoishi Buddha watawa hawasafiri wakati wa mvua. Hukaa mahali pamoja, hula mchana tu, hutulia. Mvua zikiisha huombana msamaha. Yeye alitaka kuona kama mtu wa leo, mwenye simu na foleni na madeni, anaweza kuishi hivyo masika mazima katika nyumba ya kawaida, na itamsaidia nini. Ndiyo kazi yake ya mwisho wa muhula. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho na siku ya kuiwasilisha.

Nikamwambia nyumba ya kawaida huambiwa kabla. Akasema nyumba ya kawaida huuliza.

Nikamwambia pia maneno ya baba yake. Ukutani, sauti ile, viatu. Hakuwahi kuyajua. Akavitazama viatu vyangu mlangoni. Kisha akasema kwamba Ijumaa alipofika kwenye neno lile Mwalimu alimsimamisha, akamuuliza, "Na mgonjwa aliyelala wodini, utamwambia hivyo? Akate tamaa?" Darasa likacheka. Kapewa mpaka Jumatano alete neno jingine. Tamaa inayozungumzwa, kasema, ni ile ya kung'ang'ania. Na mwali unaozimika si uhai, ni moto unaokuunguza.

Nikamwambia angeanza na hapo.

Jumatano, tarehe 4

Karudi kafaulu. Neno alilopeleka ni "kuachia". Nimemkumbusha kwamba neno hilo limetoka kisimani kwangu, nimelichimba mwenyewe, na liandikwe hivyo. Kasema Mwalimu anataka kuja kunitembelea. Aje. Atakuta nimevaa koti.

Nywele zake zimeanza kuota, ngumu kama brashi. Mvua zimepungua. Mfuniko uko ukutani. Lakini kila akitoka kuteka maji nasikiliza mpaka ndoo ifike juu, na nikisikia ananyamaza chumbani namwita bila sababu. Huitika kila mara. Siku moja ataenda kuishi kwake, na sitakuwa na wa kumwita. Hilo tofali bado sijaliachia.

Niliyoandika ni kweli. Asiyeamini akaangalie viganja vya Kinyozi, vimechunika kwa kamba na sasa anawanyoa watu kwa adabu. Amuulize Fundi Cherehani, ambaye ndara nyekundu amezirudisha na hataki kuziona. Amuulize Bawabu kama hakuniona na koti langu. Na kuhusu nilivyoogopa kule chini, mimi nisiyeogopa kitu, shahidi ni mshumaa peke yake. Uliona yote, maana haukuzimika.